Kutathmini jaribio la mwanga na usanisinuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ripoti nyingi za jaribio hili huenda vizuri hadi ukurasa wa mwisho. Vifaa vimeorodheshwa, mchoro umepigwa kwa rula, jedwali limejaa. Kisha inakuja tathmini, nayo ni mistari miwili: "Kulikuwa na makosa ya kibinadamu. Wakati mwingine tutakuwa makini zaidi." Mwalimu anayesahihisha anaipita bila kalamu yake kugusa karatasi. Maswali yaliyo hapa ndiyo ambayo wanafunzi hurudia kila mwaka, na baadhi ni ya walimu wenyewe. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Tathmini ni nini, na ina tofauti gani na hitimisho?

Hitimisho hujibu swali la jaribio: je, mmea unahitaji mwanga ili utengeneze chakula, yaani ufanye usanisinuru? Tathmini hujibu swali la pili ambalo watu husahau kuliuliza: jibu hilo tuliamini kwa kiasi gani, na kwa sababu ipi?

Kwa kila dosari unayoitaja, sema mambo matatu: nini kilitokea, kilisukuma matokeo upande gani, na ungekirekebishaje. Jambo la pili ndilo linalorukwa karibu na kila mtu, na ndilo lenye thamani. Ukisema "balbu ilikuwa na joto", umeeleza hali ya balbu tu. Ukisema "joto la balbu lilipandisha idadi ya viputo kwenye umbali wa sm 10, kwa hiyo sehemu ya ongezeko tuliloliona haikutokana na mwanga", hapo umetathmini.

2. Mnazungumzia jaribio lipi hasa?

Mawili, kwa sababu ndiyo yanayofanyika zaidi shuleni. La kwanza ni la jani: sehemu ya jani inafunikwa kwa foili, mmea unakaa juani, kisha jani linapimwa wanga kwa iodini (penye wanga hugeuka bluu-nyeusi, pasipo na wanga hubaki kahawia). Asili yake ni kazi ya Mjerumani Julius von Sachs katika miaka ya 1860. La pili ni la viputo: tawi la mmea wa majini linawekwa mbele ya balbu, unahesabu viputo vya gesi (hasa oksijeni) vinavyotoka kwa dakika, kisha unaisogeza balbu.

Ni majaribio mawili yenye maswali mawili tofauti, na kuyachanganya ni chanzo cha hitimisho nyingi mbovu (tazama swali la 9).

3. Kwa nini "makosa ya kibinadamu" hayapati alama?

Kwa sababu hayasemi kosa lipi. Kila jaribio lililowahi kufanywa limefanywa na binadamu. Andika kilichotokea: "Tulichelewa sekunde chache kuanza kuhesabu baada ya kusogeza balbu", au "Foili ilishikwa kwa klipu moja ikalegea upande wa kushoto." Yakiandikwa hivyo, hata anayesoma bila kuwepo anaweza kukisia madhara yake.

Na kosa la uzembe si udhaifu wa jaribio. Kumwaga maji ni ajali. Udhaifu wa jaribio ni ule unaobaki hata pale kila mtu alipofuata hatua zote bila kosa.

4. Sekondari tunasoma Baiolojia kwa Kiingereza. Kuisoma tathmini kwa Kiswahili kutanisaidia nini?

Mtihani utauandika kwa Kiingereza, ni kweli, Tanzania na Kenya vilevile. Lakini wengi wanaokwama kwenye tathmini hawajakwama kwenye lugha. Wamekariri sentensi bila kuwa na wazo. Fikiri kwanza kwa lugha unayoiotea ndoto, kisha uhamishe.

## Jaribio la jani na foili

5. Kwa nini mmea unawekwa gizani kwanza, na kwa muda gani?

Jani linapokuja maabara tayari lina wanga wa jana. Usipouondoa, iodini itakuonyesha wanga huo wa zamani nawe utadhani umetengenezwa leo. Gizani mmea unautumia wanga huo na kuusafirisha kwenda sehemu nyingine, bila kutengeneza mpya. Saa 24 hadi 48 ndizo zinazotumika kwa kawaida, ndani ya kabati au sanduku lisilopitisha mwanga. "Chini ya meza" siyo gizani.

Kwenye tathmini, usiseme tu kwamba mmea uliwekwa gizani. Sema ulijuaje kwamba wanga uliisha. Njia ni rahisi: chuma jani moja kabla ya kuupeleka mmea juani, lipime kwa iodini, lione linabaki kahawia. Jani hilo moja linaupa uzito kila kitu kinachofuata. Kundi lisilolipima linaishi kwa imani.

6. Jani langu lote limekuwa bluu-nyeusi, hata chini ya foili. Je, mwanga hauhitajiki?

Unahitajika. Uwezekano wa kwanza ni wanga wa zamani (swali la 5). Wa pili ni foili iliyolegea ikapitisha mwanga kwenye kingo. Dalili yake ni kwamba eneo la kahawia lipo lakini ni dogo kuliko foili, na mpaka wake umefifia badala ya kukatika wazi. Wa tatu ni majani kuchanganyikana ndani ya spiriti, ile inayotumika kuondoa klorofili (rangi ya kijani ya jani) kabla ya iodini. Hili niliwahi kulifanya mwenyewe mbele ya darasa zima: majani sita kwenye chombo kimoja, hakuna lenye alama, na nilipoyatoa sikujua lipi lilikuwa na foili. Siku hizi kila jani linakatwa pembe yake kwa namna yake kabla ya kuingia kwenye spiriti.

7. Na likibaki kahawia lote?

Pitia hatua nyuma. Jua lilikuwa la kutosha? Siku ya mawingu mazito, saa moja haitoshi. Acha mmea nje saa nne hadi sita. Klorofili ilitoka yote? Jani lililobaki la kijani huficha rangi ya iodini. Lilichemshwa kwenye maji kwanza? Maji ya moto huua seli na kuvunja utando wake ili iodini ipite. Jani gumu lenye nta, kama la mwembe, husumbua hapa.

Ikiwa yote yako sawa, utazame mmea wenyewe. Jani la kitunguu huweka akiba yake kama sukari badala ya wanga, hivyo unaweza kulipima hadi jioni bila kuona weusi. Hapo usanisinuru ulifanyika. Kipimo chako ndicho hakikuuona.

8. Foili inazuia mwanga tu?

Hili ndilo swali bora kuliko yote kwenye ukurasa huu, na bahati mbaya huulizwa na wachache. Foili iliyobanwa pande zote mbili za jani huzuia mwanga, lakini pia hufunika stomata, vile vitundu ambavyo jani hupitishia hewa. Kabonidayoksaidi, gesi ambayo mmea huitumia kutengeneza chakula, haiingii vizuri. Joto la sehemu iliyofunikwa nalo huenda si sawa na la sehemu iliyo wazi. Kwa hiyo umebadilisha vitu viwili au vitatu kwa mpigo mmoja, kisha ukakilaumu kimoja.

Mtu mbishi anaweza kukuambia: "Sehemu ile ilikosa wanga kwa sababu ilikosa hewa, siyo mwanga." Utamjibu nini? Kwa jaribio la kawaida la vitabuni, huna jibu.

Dawa yake ni kipande cha kulinganishia. Kata plastiki angavu yenye ukubwa uleule wa foili, ibane kwenye jani jingine la mmea huohuo kwa klipu zilezile, pande zote mbili. Plastiki inapunguza hewa kama foili lakini inapitisha mwanga. Chini ya plastiki pakiwa bluu-nyeusi na chini ya foili pakawa kahawia, mbishi amenyamaza. Kote kukiwa kahawia, basi alikuwa na hoja, nawe umejifunza jambo. Gharama ni mfuko mmoja wa plastiki angavu. Kama ni sentensi moja tu utakayoichukua kutoka hapa kuipeleka kwenye ripoti yako, chukua hii ya plastiki.

9. Naweza kuhitimisha kwamba mwanga ukiongezeka usanisinuru unaongezeka?

Kwa jaribio la jani, hapana. Lina hali mbili tu: mwanga upo, mwanga haupo. Jibu lake ni ndiyo au hapana. Weusi mkolevu na weusi hafifu si kipimo cha kasi. Unategemea pia unene wa jani na muda uliolichovya kwenye iodini. Ukitaka kuzungumzia "zaidi" na "pungufu", unahitaji namba, na namba zinatoka kwenye viputo (swali la 12) au vipande vya majani (swali la 18).

10. Mmea upi unafaa?

Majani laini na mapana: haibiskasi, maharage, matembele. Kwa kuonyesha kazi ya klorofili tafuta majani ya mabaka meupe na kijani. Mahindi usiyaanzie, kwa sababu wanga wake hukaa zaidi kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, na rangi hutokea kwa mistari inayowachanganya wanaoanza.

11. Je, usalama ni sehemu ya tathmini?

Kwa sehemu. Kusema "tulivaa miwani" hakutathmini matokeo. Lakini hatua moja ya jaribio hili ni hatari kweli. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi na mvuke wake hushika moto upesi, kwa hiyo haiwekwi juu ya moto wa wazi kamwe. Weka testityubu yenye spiriti ndani ya bika la maji ya moto, moto ukiwa umezimwa au maji yamechemshiwa chumba kingine. Shule isiyo na jiko la maabara inaweza kutumia maji yaliyotoka kuchemka na kutunzwa kwenye chupa ya chai nzuri, yanatosha kabisa.

Panapogusa tathmini ni hapa: maji yakipoa mapema, klorofili haitoki yote, na rangi ya mwisho inakuwa ya kubahatisha (swali la 7).

## Jaribio la viputo

12. Kuhesabu viputo ni kipimo kizuri?

Ni kipimo rahisi. Kizuri, kiasi. Udhaifu wake ni huu.

Viputo havilingani ukubwa. Ukihesabu 40 vikubwa na 40 vidogo, daftari linaandika namba moja kwa ujazo tofauti wa gesi. Mara nyingi mwanga mkali hutoa viputo vikubwa zaidi, hivyo hesabu hupunja kasi ya kweli pale balbu ilipo karibu. Tena vikitoka kwa haraka jicho linavipoteza, na upotevu huo nao uko upande uleule wa karibu.

Halafu, oksijeni kidogo huyeyuka ndani ya maji kabla haijawa kiputo. Mwanga unapokuwa hafifu, gesi ni chache na sehemu kubwa yake inaweza kupotelea majini. Na gesi inayotoka si oksijeni tupu. Ina naitrojeni ndani yake pia.

Maboresho ni kupima ujazo: elekeza viputo kwenye bomba la sindano lililogeuzwa na kujazwa maji, usome gesi iliyokusanyika baada ya dakika 10. Ukilazimika kuhesabu, rekodi video kwa simu na uitazame polepole.

Mmea uwe ule unaoishi ndani ya maji. Magugumaji ya Ziwa Victoria hayafai: yanaelea na majani yake yako hewani, kwa hiyo gesi inaondoka bila wewe kuona kiputo hata kimoja.

13. Balbu inapasha maji joto. Hilo linaharibu nini?

Mambo mawili tofauti, na ukiyatenganisha unaonekana unajua unachosema. La kwanza, joto hubadilisha kasi ya usanisinuru: huipandisha hadi kiwango fulani, kisha huishusha vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemikali ndani ya seli) vinapoanza kuharibika. La pili, maji ya vuguvugu hubeba gesi kidogo kuliko ya baridi, hivyo hewa iliyoyeyuka hutoka yenyewe na kutengeneza viputo ambavyo mmea haukuvitengeneza.

Kwa la kwanza, tumia balbu ya LED, weka chombo cha kioo chenye maji kati ya balbu na mmea, na uache kipimajoto ndani ya bika muda wote. Andika nyuzi kwa kila umbali. Kwa la pili, weka bika jingine lenye tawi lililochemshwa likafa. Likitoa viputo, hiyo ndiyo idadi ya kutoa kwenye hesabu yako.

14. Kwa nini siwezi kuchora grafu ya viputo dhidi ya umbali tu?

Unaweza, lakini umbali siyo mwanga. Mwanga wa balbu unaposambaa hupungua kwa mraba wa umbali. Ukihama kutoka sm 10 hadi sm 20 mwanga haubaki nusu, unabaki robo. Ukifika sm 30 umebaki sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo kwenye mhimili wa chini weka moja gawanya kwa umbali wa mraba.

Kanuni hiyo inashika vizuri kwa chanzo kidogo cha mwanga katika chumba chenye giza. Dirisha likiwa wazi, mwanga wa chumba unaongezewa juu ya ule wa balbu kwa kila umbali, na athari yake ni kubwa pale balbu ilipo mbali. Upande wa kosa: viputo vya mbali vinakuwa vingi kuliko inavyostahili.

15. Namba yangu moja imekaa vibaya. Niitupe?

Tuchukue mfano wa kubuni, viputo kwa dakika, kila umbali mara tatu. Sm 10: 41, 43, 40. Sm 20: 22, 21, 9. Sm 30: 10, 12, 11. Sm 40: 6, 6, 7.

Ile 9 inaonekana kabisa haina ndugu. Ukiiingiza, wastani wa sm 20 ni 17.3, ukiiacha, ni 21.5. Usiifute. Iache kwenye jedwali, izungushie duara, uandike sababu kama unaijua: kiputo kilikwama kwenye kata ya shina, mtu alisimama mbele ya balbu. Kisha iondoe kwenye wastani na useme umeiondoa. Hata hivyo vipimo viwili vilivyobaki ni vichache, hivyo kipimo cha nne kingesaidia zaidi kuliko maelezo yoyote.

Kuifuta kimyakimya ni udanganyifu, hata kama ulikuwa sahihi kuishuku.

16. Kwa nini grafu inalala mwishoni badala ya kuendelea kupanda?

Rudi kwenye namba za swali la 15. Kutoka sm 20 kwenda sm 40 mwanga unakuwa robo, na 21.5 ikigawanywa kwa nne ni 5.4, tumepata 6.3. Karibu sana, na ile ziada ndogo inaweza kuwa mwanga wa dirishani. Lakini kutoka sm 20 kuja sm 10 mwanga ni mara nne, na viputo tulipaswa kupata 86. Tumepata 41.

Mmea haujachoka. Kitu kingine ndicho kinachoubana sasa, huenda kabonidayoksaidi majini. Mwingereza F. F. Blackman aliieleza kanuni hii mwaka 1905: kasi ya mchakato unaotegemea mambo kadhaa hushikwa na lile lililo pungufu kuliko yote. Ni kama kupika wali kwa wageni: mchele gunia zima hausaidii kama sufuria ni moja.

Kabla ya kusherehekea, kumbuka swali la 12. Sehemu ya pengo kati ya 86 na 41 inaweza kuwa ya jicho lako lililopoteza hesabu. Ripoti nzuri hutaja sababu zote mbili na kusema ni kipimo gani kingezitenganisha: ongeza bikaboneti kwenye sm 10 uone kama viputo vinapanda.

17. Bikaboneti ya soda ni lazima? Naweza kutumia magadi?

Huongezwa ili mmea usikose kabonidayoksaidi, na ili kiasi hicho kisibadilike kati ya kipimo na kipimo. Gramu 1 kwa nusu lita ya maji inatosha. Magadi ya kulainishia maharage si kitu kilekile, yana ukali zaidi. Beking pauda nayo ina asidi na unga wa wanga ndani yake. Ukiitia majini inatoa povu lenyewe, na utahesabu viputo vya paketi.

18. Hatuna mmea wa majini wala maabara. Tufanyeje?

Fanyeni vipande vya majani. Toboa vipande vya mviringo kwenye spinachi kwa kitoboa karatasi, vitie ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano pamoja na maji ya bikaboneti (swali la 17) na tone la sabuni ya vyombo. Ziba tundu kwa kidole, vuta pampu, achia. Hewa iliyo ndani ya jani inatoka, maji yanaingia, vipande vinazama. Vimimine kwenye glasi, weka kwenye mwanga, upime muda hadi nusu yao vielee. Vinaelea kwa oksijeni vinayotengeneza vyenyewe.

Mimi nalipenda kuliko la viputo. Vipande 10 ni marudio 10 ndani ya glasi moja, na kuhesabu kipande kinachoelea hakuhitaji macho ya mwewe. Udhaifu wake: vipande vilivyokatwa juu ya mshipa mnene ni vizito, na baadhi hukwama pembeni mwa glasi.

## Kuandika tathmini yenyewe

19. Niandike "jaribio limethibitisha"?

Andika "matokeo yanaunga mkono". Jaribio moja la darasani, kwa mmea mmoja, mchana mmoja, halithibitishi habari ya mimea yote. Historia ya jambo hili yenyewe inafundisha. Joseph Priestley alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1770 kwamba tawi la mnanaa hurudisha uzima wa hewa iliyochafuliwa na mshumaa. Wengine waliorudia walipata kinyume. Ilikuwa hadi 1779 Jan Ingenhousz, Mholanzi aliyekuwa Uingereza, alipoonyesha kwamba mimea hufanya hivyo ikiwa kwenye mwanga, na kwamba gizani huichafua hewa. Waliomtangulia hawakuwa wameudhibiti mwanga.

20. Kurudia mara tatu kunatosha kufanya matokeo yawe sahihi?

Kurudia huonyesha kama namba zako zinakaribiana, na hukusaidia kuiona ile iliyopotoka. Hakuondoi kosa linalojirudia. Balbu ya moto itakudanganya mara tatu kwa namna ileile, na wastani wa uongo tatu ni uongo mmoja nadhifu. Kwa hiyo sentensi "turudie zaidi ili kupata usahihi" si sahihi kila mahali: kwa foili (swali la 8) hata marudio mia hayasaidii.

Pia, kuhesabu tawi moja mara tatu ni tofauti na kuhesabu matawi matatu. La kwanza linakuambia habari za tawi hilo.

21. Nina dosari nane. Niandike zote?

Chagua mbili au tatu ambazo zingeweza kubadilisha hitimisho, uzieleze kwa ukamilifu wa swali la 1. Rula iliyosomwa kwa makosa ya mm 1 kwenye umbali wa sm 40 haina madhara ya maana; kwenye sm 5, kwa sababu ya mraba wa umbali, inaanza kuonekana.

## Visa vya pembeni

22. Tulitumia nailoni za rangi kwenye balbu. Kijani kilitoa viputo vichache. Tuhitimishe nini?

Polepole. Nailoni ya kijani inabadilisha rangi, lakini pia inapunguza kiasi cha mwanga unaopita, na kila rangi hupunguza kwa kiwango chake. Tatizo ni la familia moja na foili ya swali la 8. Programu za simu za kupima mwanga husaidia kidogo tu, maana hupima kwa kufuata jicho la mtu, na jicho letu huona kijani vizuri kuliko nyekundu na bluu.

Matokeo yenu hata hivyo yana mababu wa heshima: mwaka 1882 Theodor Engelmann aliangaza upinde wa rangi juu ya uzi wa mwani na kuona bakteria wanaopenda oksijeni wakijazana kwenye nyekundu na bluu.

23. Majani mekundu yanatengeneza chakula?

Ndiyo. Klorofili imo, imefunikwa na rangi nyekundu. Chemsha jani kwenye maji, na mara nyingi wekundu huyeyuka na ukijani kujitokeza.

24. Wanga ukionekana, ni lazima ulitengenezwa kwa mwanga hapohapo?

Si lazima. Jani lililoondolewa wanga likiwekwa lielee juu ya maji ya sukari gizani linaweza kutengeneza wanga kutokana na sukari hiyo. Kipimo cha iodini huona ghala; shamba hakioni. Kwa jaribio la kawaida la shuleni halibadilishi hitimisho, lakini linakukumbusha kwamba kipimo hicho ni cha kuzungukia.

25. Kwenye sm 60 nilipata viputo sifuri. Nimeandika usanisinuru umesimama. Ni sawa?

Si sawa. Mmea unapumua muda wote, na kupumua kunatumia oksijeni. Mwanga ukiwa hafifu, oksijeni inayotengenezwa inatumiwa yote ndani ya mmea na hakuna kinachobaki cha kutoka. Andika "hakuna oksijeni ya ziada iliyoonekana". Ukiwa na vipande vya swali la 18 unaweza kulishuhudia: vile vilivyoelea, vifunike kwa sanduku, na baada ya muda vitaanza kuzama tena.

26. Ripoti ni kesho na jaribio limegoma kabisa. Ninakili namba za rafiki?

Usinakili. Namba za kunakili hujulikana, kwa sababu tathmini yake huwa inaeleza balbu ambayo hukuwa nayo. Andika ulichokiona: jani kahawia lote, viputo sifuri, vyovyote ilivyokuwa. Kisha pitia swali la 7 au la 13, uchague sababu mbili zinazolingana na dalili ulizoziona, na kwa kila moja uandike kipimo kimoja ambacho kingekuonyesha kama ndiyo yenyewe. Kama mmea bado uko darasani na una jani moja lililobaki, lipime kesho asubuhi kabla ya kengele.